Koti Jeupe na Shingo ya Baba Kulwa

Baba Kulwa amepona, ndiyo maana nathubutu kusimulia.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi, nikapata kibarua cha kuuza dawa dukani pale Igoma. Nilivaa koti jeupe la mitumba. Wateja wakaniita daktari, nami nikaitika.

Jirani yangu Mama Kulwa aliponiambia mumewe ana homa, nilimpa klorokwini ya malaria bila hata kwenda kumwona mgonjwa. Siku ya tatu akarudi.

"Daktari, homa haishuki. Sasa analalamika shingo."

"Amelala vibaya tu," nikamjibu. "Endelea na vidonge."

Kesho yake asubuhi aliniita akilia. Nilimkuta Baba Kulwa akiongea peke yake, akaniita kwa jina la marehemu baba yake. Nilipojaribu kumwinua kichwa, shingo haikukunjika. Mgongo mzima ulinyanyuka nayo. Nikajua nimeua mtu.

Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani, mimi bado nimevaa koti.

Daktari wa zamu aliuliza homa ilianza lini, akamgusa shingo mara moja, akageuka kwa hasira.

"Homa siku nne, shingo imekakamaa, anaweweseka! Hii ni homa ya uti wa mgongo. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Mama Kulwa akaninyooshea kidole. "Daktari wetu huyu alisema amelala vibaya."

Daktari akalitazama koti langu, kisha akanitazama usoni.

"Mwenzangu, ulisomea wapi udaktari?"

Mama Kulwa naye akageuka, akisubiri jibu.

"Sikusomea," nikasema. "Nilikuwa karani wa pamba."