Bwawa la As-Sahn

Shangazi yangu Hafidha ni mwalimu, na mwalimu hata akistaafu hastaafu. Kazaliwa Unguja, kaja Omani msichana na vitabu vyake vya jografia, kaolewa kijijini upande wa Mudhaibi, kasomesha watoto wa kijiji kizima miaka thelathini. Mumewe alipofariki alimwachia mitende kumi na tisa ya mabsali, tende za kuchemshwa, na usia mmoja: isikauke.

Mitende hiyo ilikuwa ikinywa maji ya falaj, mfereji wa kale ambao wanakijiji hugawana maji yake kwa zamu. Mwaka juzi falaj likakatika. Shangazi hakuacha zamu yake. Siku ikifika hubeba jembe, akafungua mlango wake wa udongo, akangoja saa zake zote mbele ya mfereji mkavu, kisha akafunga. Nilimtania kuwa anamwagilia upepo. Hakucheka.

Matumaini yake yalikuwa bwawa. Lilipotaka kujengwa, wenye falaj waliulizwa lijengwe wapi, kwenye korongo au kwenye uwanda mpana. Shangazi alisimama na ramani yake akasema uwandani, maji yatakuwa mengi, yatazama ardhini na falaj litafufuka. Mzee Hamed, msimamizi wa falaj, alisema pale panaitwa As-Sahn, yaani sahani, na sahani hainywi mchuzi. Shangazi akamwambia jina si elimu. Wote wakatia sahihi uwandani.

Mvua kubwa ilipokuja, bwawa likajaa. Watu wakamiminika kutoka Ibra na Nizwa kila Ijumaa, na mikeka yao, nyama za kuchoma, vijiboti vya kukodi, gari la chai ya karaki. Shangazi akahesabu siku. Arubaini zikapita, sitini zikapita. Makuti ya mitende yake yalianza kuinama na yeye akaanza kukosa usingizi. Nikamwambia tununue maji ya gari. Akakataa: yeye ndiye aliyewaahidi watu bwawa, akionekana ananunua maji, nani atamwamini?

Ijumaa moja tulikwenda bwawani, tukamkuta fundi kachimba shimo la msingi wa choo karibu na ufukwe. Chini ya mchanga palikuwa na udongo mweupe, laini, umejaa magamba ya konokono wadogo wa majini. Shangazi akashuka shimoni, na miaka yake sabini na mbili. Akaufinyanga ule udongo ukawa kama kibakuli, akamimina maji ya chupa yake. Tukasali Alasiri. Tuliporudi, maji yalikuwa pale pale.

"Hapa palikuwa ziwa," akasema. "Zamani mno, kabla ya mtu yeyote. Liliacha udongo wake na udongo huu haupitishi kitu. Maji yale yanakwenda juani, mwanangu. Hayashuki."

Nilimshika mkono kumtoa.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Hamed, akasimama mlangoni na udongo kwenye buibui.

"Yaa Hamed, nimekosa. Waambie watu wanunue maji leo, wasingoje bwawa."

Mzee akamkaribisha kwa Kiarabu, akammiminia kahawa.

"Mwalimu, wananunua tangu mwezi wa kwanza baada ya mvua. Gari huja alfajiri, wewe uko kwenye msala unasali."

"Wote?"

"Wote. Umetusomeshea watoto. Tuliona haya kukuonyesha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua, na guu lilivunjika. Lakini mpaka leo nina hasira na heshima ile. Neno moja tu la kumvunjia heshima lingemwokolea shamba.

Kesho yake Mzee Hamed alileta gari la maji mwenyewe. Shangazi akamwambia dereva asubiri. Akaingia shambani, akashika kuti changa la katikati ya mtende wa kwanza, ule mfupi, akavuta. Likatoka mkononi bila nguvu, limeoza shinani; mtende ukioza moyo haufufuki. Akaenda wa pili. Ile mirefu alipanda mtoto wa Hamed, na kila mara alitupa kuti chini. Tulihesabu kumi na tisa.

Shangazi akatoka, akagonga mlango wa gari.

"Mpelekee mwenye mti hai," akasema. "Na zamu yangu, Hamed, igawe."