Mikono ya Tsiala

Guranda alizaliwa Chiatura, mji wa machimbo milimani ambako vumbi jeusi la madini ya manganisi hutua hata kwenye supu. Baba yake alilivuta hadi mapafu yakamshinda. Ndiyo maana filamu yake ya kwanza ndefu aliipigia huko, kwa kamera ya kuazima, akifuatilia kifo cha mchimbaji Jumberi aliyeangukiwa na dari la handaki.

Filamu nzima ilisimama juu ya tukio moja, karamu ya arobaini. Mkuu wa meza, aongozaye karamu, aliinua divai, akasema kama isemwavyo kila mara, "Mlima umemchukua." Wanaume wakanyanyuka. Mjane Tsiala, aliyekuwa akipakua ngano ya asali ya matanga, akatwaa glasi ya shemeji yake, akamwagia mkate matone ya kumkumbuka marehemu, kama ilivyo desturi, akafoka:

"Mlima gani? Nguzo zilioza! Aliwaambia wakubwa, wakamcheka. Na nyie mnakunywa tu!"

Hakuna aliyekunywa.

Wiki moja kabla ya onyesho la filamu, Tsiala alibisha hodi kwa Guranda na chupa ya mchuzi wa matunda ya plamu.

"Mwanangu, nitoe."

"Nikutoe wapi, mama?"

"Kwenye sinema yako. Kijana wangu Malkhazi ameitwa ofisini machimboni. Wamemuuliza kama mama yake bado ana mdomo mrefu."

"Bila wewe sina filamu, mama. Nabaki na milima tu."

"Na mimi bila yeye nabaki na nini?" Akajaribu kutabasamu. "Nikate tu. Mzee kama mimi, hata kwenye picha sitoki vizuri."

Malkhazi alikuwa akishuka katika handaki lilelile lililomuua baba yake, kwa kuwa mji ule haukuwa na mlango mwingine wa riziki. Utaratibu unaomlazimisha mama auze ukweli ili mwanawe ale ni uhalifu, hata kama hakuna mahakama inayouita hivyo. Guranda alikata. Alibakiza mikono ya Tsiala tu, ikimwaga divai juu ya mkate.

Siku ya onyesho wakubwa wa machimbo walikaa safu ya mbele. Sauti ya mkuu wa meza ikajaa ukumbini: "Mlima umemchukua." Kisha ikaja mikono, na kimya mahali pa maneno yaliyokatwa.

Guranda aligeuka. Nyuma kabisa, Malkhazi alikuwa amemshika mama yake kifundo cha mkono. Na midomo ya Tsiala ilikuwa ikicheza, neno kwa neno, bila sauti.

Mbele, wakubwa walianza kupiga makofi.