Kinyozi Aliyemnyima Mwanawe Maji

Kinyozi wa pale kona ana mdomo, hilo halina ubishi. Ukikalia kiti chake unatoka na kichwa kisafi na masikio yamejaa. Anambishia mwenye nyumba, anambishia fundi umeme, anambishia hata mteja aliyefunikwa povu usoni. Mtu mmoja tu ambaye kinyozi hakuwahi kumjibu ni mama yake mzazi. Mama akisema kaa, anakaa. Basi sikilizeni jinsi alivyomfukuza mama huyohuyo wodini, mchana kweupe, watu wakitazama.

Ilianza na tumbo la bintiye, katoto ambako hakajaanza hata shule, na ambako bibi yake, yaani mama huyo, alikaita kwa utani mke mwenza. Mtoto aliharisha, kisha akaharisha damu. Kwenye zahanati wakaambiwa: mpeni maji ya chumvi na sukari, msichoke. Bibi akaichukua kazi hiyo yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akigombana na usingizi. Kuharisha kukakoma. Watu wakampongeza, naye akajipongeza zaidi.

Halafu mtoto akapauka, macho yakavimba, na mkojo ukakatika. Si kupungua, kukatika!

Hospitali kuu daktari hakuzungusha maneno. "Figo zimegoma," akasema. Kuna vijidudu vinavyokaa kwenye nyama isiyoiva na maziwa yasiyochemshwa; vikiingia tumboni vinamwaga sumu, sumu inavunja damu na kuziba vijishipa vya figo. Mtoto alivipata wapi, hakuna aliyejua. "Figo za watoto mara nyingi huamka," daktari akaendelea. "Kwa sasa tutamsafisha damu kwa mrija wa tumboni. Lakini maji ya kunywa yapimwe. Hana pa kuyatolea. Yakizidi, yanakwenda mapafuni."

Mke wa kinyozi alikuwa ametoka kujifungua, hawezi hata kuinama, kwa hiyo mlezi wa wodini akawa yeye, dume peke yake katikati ya kina mama. Walimcheka alivyokunja shuka. Aliwaambia waje dukani awanyoe waume zao vipara, wakacheka zaidi, wakamzoea.

Kilichomshinda kilikuwa sauti moja. "Baba, maji." Kutwa nzima. "Baba, kidogo tu." Midomo ya mtoto imekauka, ulimi unanata. Akishampa kile kifuniko cha chupa alichoruhusiwa, mtoto anakilamba mpaka kikauke, kisha anamwangalia. "Baba mbaya." Kinyozi aliumia, msiniambie hakuumia. Lakini hakuongeza tone.

Wageni nao! Huyu ana juisi, yule ana uji kwenye chupa ya chai. Kinyozi anawasimamisha mlangoni: "Asanteni, kanyweni wenyewe." Mjomba mmoja akang'aka, "Hata mfungwa hanyimwi maji!"

"Basi nenda kamnyweshe mfungwa."

Mama yake alikuwa mgumu kuliko wote. "Wiki iliyopita nampa maji naambiwa nimemwokoa," alisema. "Leo maji hayohayo ni sumu? Hawa wanatuchezea akili." Kinyozi akamweleza, taratibu, kwa adabu zote. Mama akasonya, akasogeza kiti karibu na kitanda. Kinyozi akaenda kufua nguo za mtoto, moyo umetulia kwa sababu bibi yupo.

Asubuhi muuguzi akampima mtoto uzito. Ulikuwa umepanda. Uso umejaa, anahema kama aliyekimbizwa. "Nani kampa maji huyu?" Kinyozi akaapa kwa kila kitu anachokijua kwamba si yeye. Ndipo mtoto akasema, polepole, "Bibi ana kitambaa kizuri. Nakinyonya, anakichovya tena."

Chini ya mto kilikuwepo, bado kibichi. Na chupa tupu kando yake.

Mama alipoingia na kapu lake, kinyozi alimkabili katikati ya wodi.

"Mama, toka nje."

"Unasemaje?"

"Toka. Usiingie tena mpaka nikuite."

"Unanifukuza mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Wewe uliyenizaa. Na huyu nimemzaa mimi. Mtazame anavyohema, mama. Ni maji yale."

"Sikupi radhi zangu. Umesikia? Sikupi!"

"Radhi nitakuja kuziomba, hata kwa kutambaa. Leo toka."

Akatoka. Simu zikaanza: shangazi kalia, mjomba kalaani, binamu asiyejua hata wodi iko wapi akatoa hotuba. Kinyozi aliwajibu wote kwa sauti aliyoitumia dukani, kisha akaizima simu. Mama naye, ubishi wa mwanawe haukutoka mbali, hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la nje, mchana baada ya mchana, mgongo ameupa mlango. Mwanawe akipita, hasalimiwi.

Mrija ukafanya kazi yake. Pumzi ya mtoto ikalegea, uvimbe ukashuka. Lakini mkojo, hakuna. Kila siku daktari anauliza, kila siku kinyozi anatikisa kichwa. Alianza kuogopa kwamba amekosana na mama yake bure, na mtoto atamkosa vilevile.

Mchana mmoja alimpakata wakati muuguzi anabadilisha shuka. Akahisi joto kifuani. Akadhani mrija umevuja. Akainamia shati lake, akanusa.

Ukelele aliopiga uliamsha wodi mbili. Muuguzi alicheka huku akimpokea mtoto, na kinyozi akatoka vilevile alivyolowa mpaka kwenye benchi, alipokaa mama yake na shangazi mtu.

"Nusa," akasema.

"Nini tena?"

"Nusa, mama!"

Mama akalishika shati, akanusa. Midomo ikaanza kumcheza. "Mkojo."

"Wa mke mwenzio."

Mama akalivuta shati lile usoni akalia nalo, hajali harufu, hajali watu. Shangazi akainuka akifuta machozi, akachomoa chupa ya maji kwenye mkoba. "Afadhali! Si figo zimeamka? Haya, mtoto apewe anywe, maskini."

"Thubutu!" Mama aliruka akamnyang'anya chupa. "Daktari kasema?"