Doli Inayofumba Macho

Jirani akichoma plastiki, mimi hufunga dirisha haraka. Mama alikuwa akifulia watu nguo huko Milimani kwa matajiri, na siku moja akamletea mdogo wangu doli ya plastiki inayofumba macho ukiilaza. Mimi sikuletewa kitu. Mdogo wangu aliposhikwa na homa, nikamwambia Mama kwamba kwenye kibanda cha video pale Kondele niliona sinema ya doli kama hiyo ikiamka na kuua watoto. Nikaapa hata yetu nimeiona ikitembea.

Mama akailaza kwenye makaa. Ikafumba macho.

"Mama, mtoto wangu ako wapi?" mdogo wangu akauliza kutoka kitandani.

"Amelala."

"Akiamka, mniletee."

Homa haikumwachilia. Tulimzika mikono yake ikiwa mitupu.