Fidla za Nyuma ya Pazia

Juzi nilialikwa harusini Malindi, na muziki wote ulitoka kwenye simu ya kijana mmoja. Fidla zilisikika, ngoma zikasikika, mpigaji hayupo. Wenzangu walicheza, nami nikacheza. Lakini macho yalinienda pale ambapo zamani pangefungwa pazia, na harusi ya mama mdogo ikanijia yote.

Ngoja nikueleze habari ya pazia, mwenzangu, maana watoto wa siku hizi hawalijui. Miaka ile ya themanini, harusi ya wanawake ilikuwa ya wanawake. Wapigaji wakiwa wanaume, walifungiwa shuka baina ya nguzo mbili, wakae nyuma yake wapige bila kuona mtu. Mwimbaji mwanamke alisimama mbele. Sisi watoto tu ndio tuliopita huku na huku, mashavu yamejaa kaimati.

Babu, baba yake mama, alikuwa mpiga fidla, na kundi lao lilikuwa na fidla nne. Mama aliimba nao tangu usichana wake. Babu alipofariki, wenzake wawili walikuwa wamekwisha kutangulia, na wa tatu kahamia Arabuni. Basi mama akanyamaza. Hata mdogo wangu alipolia, mama alimbembeleza kwa kumpigapiga mgongo tu, bila wimbo. Mama mdogo alipochumbiwa alimwambia wazi, "Dada, usiponiimbia wewe, mimi harusi sikai." Mama akajibu kwamba bila fidla haimbi, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Baba alikuwa akipiga kinanda cha umeme katika hoteli moja ya Kikambala, nyimbo za kuwachezesha wazungu. Kinanda kile kilikuwa na sauti iliyoitwa fidla, lakini lo! Ilikuwa nyembamba, ikilia kama mbu ndani ya chandarua. Mama aliisikia mara moja, akaenda zake jikoni. Baba hakubishana naye. Alipopewa likizo ya harusi alikuja na visanduku vitatu vya chuma, vile vya kukanyaga kwa mguu ili kugeuza sauti, alivyoazima kwa mpiga gitaa wa hoteli. Akaviunga kwa waya baina ya kinanda na spika.

Kila alasiri alikaa barazani akihangaika navyo, na kahawa yake ikipoa pembeni. Kisanduku cha kwanza kiliitikisa sauti kidogo, ikawa kama watu kadhaa wanaopiga pamoja bila kulingana sawasawa. Cha pili kilileta mwangwi. Sauti ikiachwa huku, bado inaendelea kule. Lakini kilikuwa kinanda vile vile, maana kila alipogusa kilianza kwa ghafla, na fidla haianzi hivyo. Ndipo akavua viatu. Alibonyeza kwanza sauti ikiwa imefungwa, kisha kwa kisanduku cha tatu akaifungua polepole kwa unyayo, ikapanda, ikajaa baraza zima. Jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Jamani, mna wageni?"

Mama akatoka na mwiko mkononi. Hakusifu. Alisema, "Rudia," kisha akaanza kuimba chini chini, nami nilifurahi hadi nikalia.

Siku yenyewe pazia likafungwa. Nyuma yake walikaa baba, miguu peku, na mpiga ngoma, basi. Mama akasimama mbele, akafumba macho, akaimba. Wallahi, sijasikia tena sauti kama ile. Wanawake walinyanyuka kumtuza kwa vigelegele, na kina shangazi wakabishana kama hizo fidla zimetoka Mombasa au Lamu.

Bibi, mjane wa babu, hakuwa ameyasikia mazoezi yetu. Wimbo wa kwanza ulipokwisha nilimwona akipanga sinia: halwa, na vikombe vinne vya kahawa, kimoja kwa kila mpiga fidla. "Nilijua," aliniambia, uso umemng'aa. "Nilijua babu yako hakuondoka hivi hivi. Kafundisha watu."

Nilitaka kumzuia, nikashindwa nianzie wapi. Akafunua pazia mwenyewe. Akamtazama baba, akatazama waya na vile visanduku sakafuni.

"Wako wapi wenzako, mwanangu?"

"Ni mimi tu, mama."

Bibi alisimama na sinia lake. "Mimi nilidhani mume wangu kaacha watu," alisema. Kisha akamwekea baba vikombe vyote vinne, akamwambia anywe, na baba akavinywa vyote. Bibi akarudi kukaa. Wimbo wa pili ulipoanza alikuwa akitazama mapaja yake.

Sasa bibi hayupo, baba hayupo, na baraza lile limebomolewa pakajengwa chumba cha duka. Sisemi kwamba zamani palikuwa pazuri kuliko sasa. Nasema tu kwamba palikuwapo.

Baada ya harusi baba alisema atanunua visanduku vyake mwenyewe, ili mama aimbe akitaka. Mama alikuwa amesimama karibu na pazia siku ile. Maneno ya bibi aliyasikia yote.

"Visirudi humu ndani," alimwambia baba. "Umewarudisha vizuri mno, hata nikasahau kwamba tulishawazika."

Hakuimba tena.