Ini Langu Juani

Niliwahi kuamini kabisa kwamba mafuta yakiingia kwenye ini huganda humo kwa baridi, na kwamba dawa yake ni kulianika juani. Anayecheka namwelewa. Lakini angekuwa amefanya kazi Kibaigwa kwenye mashine ya kukamua alizeti, angeamini kabla yangu.

Pale kwetu Juni ikiingia, upepo unaweza kumnyoa mtu ndevu. Mafuta kwenye mapipa yanafanya ukungu, na mteja akiyaona anasema yamechakachuliwa. Basi asubuhi tunasukuma mapipa hadi kwenye ukuta unaopigwa na jua, tunayageuzageuza, na ikifika saa sita mafuta yameng'aa hata unaweza kujitazama humo ukichana nywele. Fundi wa mashine, aliyekaa na mapipa hayo miaka mingi kuliko aliyokaa na mkewe, ndiye aliyenieleza kwamba ini nalo ni pipa tu. Shangazi yake alijianika akapona. Sikuuliza shangazi aliumwa nini.

Nilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Nilikuwa nimekwenda kupimwa tumbo mjini, wakanipaka ule ute wa baridi, wakapitisha kipimo cha picha, wakasema ini lina mafuta. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alieleza mengi. Mimi nilishika mawili: nirudi baada ya miezi sita, na kwamba mafuta hayo yakiachwa, ini huweza kuota makovu. Baba yangu mdogo alikufa kwa ini. Nilimbeba mwenyewe kumpeleka chooni wiki zake za mwisho, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Kwa hiyo makovu niliyaelewa vizuri. Yale mengine ya katikati, kuhusu chakula, yalipita.

Halafu mimi ni msomi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni pale Nkuhungu, nikiwa na watoto watatu na miwani ya kuazima. Baiolojia nilipata D, na kwa D hiyo nimeshatibu nusu ya mkoa. Kwenye mtihani nililichora ini hilo hilo, nikaandika kwamba mafuta humeng'enywa kuwa asidi za mafuta na gliserini. Nilipomaliza kuandika nikaviacha vyote kwenye karatasi, nikaenda nyumbani.

Tiba nikaianza siku ya pili. Saa tatu asubuhi nilijilaza kati ya mapipa mawili, shati juu, upande wa kulia ukitazama jua. Wapakizi wa mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, walinipitia wakiulizana kama na mimi nauzwa kwa lita. Mmoja alikuwa akija kila baada ya muda kunikumbusha: "Geuka, mzee, huko umeshaiva."

Sikugeuka. Ini liko kulia.

Nyumbani nikapiga marufuku mafuta. Mtu anayerudi akinuka alizeti kuliko alizeti yenyewe, anakula mlenda mtupu. Mke wangu alipika alivyoambiwa, akasema tu kwamba njaa yangu imekuwa ya watu wanne. Ni kweli. Mboga isiyo na mafuta hainishibishi, kwa hiyo ugali uliongezeka hadi tukawa hatuonani mezani, yeye upande ule wa mlima na mimi upande huu. Mchana nilikunywa soda mbili, siku ya joto tatu, baada ya kusoma vizuri kwenye chupa na kujiridhisha kwamba haina mafuta hata tone.

Miezi sita ikaisha, nikarudi mjini nikiwa na uhakika wa mtu aliyesimamia tiba yake mwenyewe. Daktari ni yule yule. Akaniamkia, akanipaka ute, akaipitia picha mara mbili. Kisha akauliza mbona upande mmoja wa tumbo umeungua.

Nikamweleza yote, mapipa, shangazi wa fundi, mlenda, soda. Hakucheka. Alisema mafuta yameongezeka, ila makovu hayaonekani bado. Nikamuuliza yameongezekaje, na mimi sijagusa mafuta miezi sita.

"Baba, ini haliwezi kuganda, humo ndani ni joto mwaka mzima," alisema. "Damu ndiyo inaliletea asidi za mafuta, nyingine za chakula, nyingine zinatoka kwenye hicho kitambi. Ini linazivuta. Nyingine linazichoma kupata nguvu, nyingine linazifunga upya na kuzirudisha kwenye damu ziende mwilini. Zikija nyingi kuliko linavyoweza, zinabaki humo humo."

Nikamwambia soda haina mafuta, imeandikwa kwenye chupa.

"Haina. Lakini sukari ikizidi, na ugali ukizidi, ini lenyewe linavigeuza kuwa mafuta. Hayo ni ya kwako, umeyatengeneza mwenyewe. Acha soda, ugali kata nusu, tembea kila siku. Na uvae shati."