Ombi la Akinyi

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nimekaa kwenye kiti cha wageni nyumbani kwa Mama Chelangat, karibu na Kapkatet, nimenyoosha mikono ninawishwe. Aliyeshika jagi alikuwa Akinyi, msichana wa miaka kumi na mmoja. Alimimina maji polepole kuliko kawaida, akainama, akaninong'oneza: "Karani, nataka kumwona Otieno. Usimwambie mama."

Ngoja nikueleze Akinyi ni nani. Wazazi wake walikuwa wachumaji katika shamba kubwa la chai, watu waliotoka pande za ziwa. Walifariki mmoja baada ya mwingine, miaka miwili hivi kabla ya siku hiyo, nyumba ya shamba ikahitajika kwa wachumaji wengine, na jamaa zao hatukuwapata. Kanisa letu likawachukua watoto wao wawili. Mimi nilikuwa kijana, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne nilifanywa katibu wa kamati iliyowatafutia watoto kama hao nyumba. Hatukupata mtu wa kuwachukua wote wawili. Akinyi akaja kwa Mama Chelangat. Ndugu yake Otieno, aliyekuwa bado mdogo sana, akapelekwa kwa familia moja huko Longisa. Siku tuliyoamua hayo, watoto wenyewe tuliwatuma nje wakafukuze ndama kwenye mahindi. Ndivyo tulivyofanya kila mara mambo ya wakubwa yalipoanza, na hakuna aliyefikiri kwamba mambo ya siku ile yalikuwa yao.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba hizo kuona watoto wanaendeleaje. Mama Chelangat alikuwa mama mwema, sitamsingizia. Akinyi alikula, alisoma, alivaa viatu. Nikiuliza, "Mtoto yuko aje?" mama ndiye aliyejibu, nami nikaondoka nikiamini nimemwuliza mtoto.

Sasa sikia nilichofanya siku ile ya jagi. Nilicheka. Nikasema kwa sauti, "Mama Chelangat, huyu ananipa siri hapa! Sema, Akinyi, sema tu, hakuna wa kukuchapa."

"Hakuna kitu," akasema.

"Ni Otieno, siyo?" Mama akashusha pumzi. "Karani, haya tuliongea. Akienda huko atarudi akilia wiki nzima. Wacha asahau kwanza. Wewe karibu mursik, leo utakunywa mpaka usahau njia ya kwenu."

Nikakubaliana naye. Nikamwambia Akinyi asome kwa bidii, nikanywa maziwa yale ya kibuyu, nikaenda zangu nimeshiba.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja Akinyi alitoka na kikapu cha chai, akakiacha kituoni, akashika barabara. Lori la maziwa lilimbeba hadi Bomet, kutoka hapo akatembea. Longisa akauliza dukani, akauliza kanisani, akauliza akina mama sokoni: mnamjua mtoto anaitwa Otieno? Hakuna aliyemjua. Kule walimwita Kipkirui. Walimpa jina hilo kwa upendo, kama mtoto wao, nami nililijua, ila sikuona haja ya kumwambia dada yake. Baadaye tuligundua kwamba hata jirani wa nyumba ile ile aliyolelewa Otieno aliulizwa, akatikisa kichwa. Akinyi alirudishwa kesho yake, miguu imevimba.

Kamati ikakaa. Wengine walitaka apelekwe makao ya watoto, kwa kuwa amemwaibisha mama anayemlea. Mzee mmoja akatania, "Na miguu hiyo, afadhali tumpeleke kwenye mbio, ataletea kanisa kombe!" Watu wakacheka. Akinyi alisimama mlangoni. Safari hii hakutumwa nje, kwa sababu alikuwa mshtakiwa. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini hakuja kwangu mimi, mtu wa kumsaidia.

"Nilikuambia," akasema. "Nilikuambia polepole, wewe ukasema kwa nguvu."

Kicheko kikaisha. Nikawaambia wazee kwamba mtoto anasema kweli. Mama Chelangat akajifuta macho na kitambaa cha kichwa. "Hata mimi sikuwahi kumwuliza," akasema. "Haendi makao yoyote. Kesho tunaenda Longisa."

Tulienda. Otieno alikuwa mlangoni. Akinyi akamwita jina lake, akamwongelesha kwa Kijaluo, lugha ya mama yao. Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mlezi wake. Lugha ile ilikuwa imemtoka yote. Akinyi akachuchumaa, akaanza upya kwa Kipsigis, lugha ya nyumba ile, akimwuliza ng'ombe wao wanaitwaje. Taratibu mtoto akatoa kichwa, akajibu.

Tangu hapo Akinyi alikwenda kwa Otieno kila likizo. Lakini muda walioupoteza, kwa sababu mimi nilidhani najua, hakuna aliyeweza kuwarudishia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa siku moja kazi ya kuamua maisha ya mtoto anayelelewa na watu wengine, usimtume nje. Mpe kiti. Mwulize yeye, sio anayemlisha, na umwulize mahali ambapo wengine wanawaona lakini hawasikii. Akikupa neno la siri, usilitangaze. Kama ni lazima limfikie mwingine, mwambie yeye kwanza. Anaweza kuomba lisilowezekana. Basi mweleze kwa nini haliwezekani, naye ataelewa kuliko unavyofikiri.

Na wewe unayelelewa nyumba isiyo ya wazazi wako, kushukuru hakukuzuii kuomba. Ni haki yako kujua ndugu yako yuko wapi na anaitwaje. Ukimwambia mtu mzima akakuangusha, kama nilivyomwangusha Akinyi, usinyamaze. Mtafute mwingine, na mwingine tena.

Mungu awalinde nyote, awape afya na miaka mingi. Na nyumba zenu zisikose mtoto anayethubutu kuwakatiza maneno.